Taa Nyekundu Haikufika Kamwokya

Sikulala. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililoshindwa kulisema Jumatatu asubuhi, katika zahanati ya Kisugu, mtaa wetu hapa Kampala, mbele ya akina mama waliokaa kwenye mabenchi na watoto mapajani, wakingoja chanjo ambayo haikuwepo tena.

Sista Acayo, muuguzi wa pale, alikuwa amefungua jokofu la chanjo akakuta ndani kuna joto kama kabati la nguo. Plagi yake ilikuwa imeungua. Alitoa vichupa kimoja kimoja, akavitazama kwenye mwanga, akavirudisha kwenye boksi.

"Yote imeharibika," alisema. "Hakuna mtoto nitachoma leo. Murudi Alhamisi, nitatafuta ingine."

Akina mama waliguna. Mmoja aliyekuwa ameacha meza yake ya nyanya bila mtu sokoni alimfunga mtoto mgongoni kwa hasira mpaka mtoto akalia. Ndipo Patron Josias akasimama katikati yao na kuinua simu yake juu.

Patron Josias ndiye mwenye kampuni ndogo ya intaneti ninayoifanyia kazi, huko Kamwokya, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Ni Mkongomani kama mimi, na tunasali kanisa moja. Yeye ndiye aliyeiwekea zahanati ile antena, na kipimajoto ndani ya jokofu, ili jokofu likipata joto watu wajue mapema.

"Mama zangu, mtambo wangu ulifanya kazi yake," alisema. "Muone wenyewe. Jumamosi mchana jokofu limepata joto, mtambo umetuma onyo. Imeandikwa hapa: imetumwa. Sasa kule ofisini kuna mtu nimempa kazi moja tu, kutazama. Huyo pale mlangoni." Akaninyooshea kidole. "Alilala."

Nyuso zote ziligeuka. Nilikuwa nimebeba mkoba wa nyaya wa Jasper Okwera, fundi wetu, naye Jasper alikuwa amesimama kando yangu akitazama viatu vyake. Kwenye benchi la mwisho alikaa dada yangu Esperance na mwanawe Bénit. Mdomo wangu ulifunguka, hakikutoka kitu. Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu. Hata kanisani nikiitwa kutoa ushuhuda, natoka nje kama mtu aliyeshikwa na kikohozi.

Lakini sikulala.

Kazi yangu ni hii. Juu ya jengo moja refu la Old Kampala, Patron ana mtambo unaoziuliza hali antena zake zote za mjini. Pakiwa na shida mahali, mtambo unatuma onyo kwenye kompyuta ya ofisini Kamwokya. Kwenye skrini inawaka taa nyekundu na kengele inalia. Mimi nampigia Jasper, naye anapanda pikipiki na kwenda. Kazi hii haitaki vyeti, inataka macho na makalio ya kukaa. Niliacha shule ya msingi tulipokimbia vita kutoka Beni, lakini rangi nyekundu naijua.

Jumamosi ile umeme ulikatika Kamwokya yote. Hilo si la ajabu, ndiyo maana chini ya meza yangu kuna betri kubwa ya kuishikilia kompyuta mpaka umeme urudi. Ila Jumamosi ile chini ya meza palikuwa na alama tu ya vumbi pale betri inapokaa. Patron alikuwa ameichukua kwenda kuwasha vipaza sauti vya kwaya, kwenye mkutano wa injili huko Kisugu. Ndivyo tulivyo watu wa kanisa letu. Kwaya ikikosa sauti, mtu atang'oa hata taa ya chumbani kwake aipeleke.

Skrini ilipozimika nilimpigia simu. Nyuma yake kwaya ilikuwa inaimba.

"Patron, umeme umekwenda, na betri haiko."

"Ngoja urudi, uwashe, utazame," alisema kwa sauti ya kushinda ngoma. "Mungu akubariki."

Nikangoja. Umeme ulirudi jua likiwa bado linachoma mabati. Nikawasha, nikatazama. Kijani. Antena zote kijani, Kisugu kijani. Nilikaa mbele ya ile kijani mpaka wakati wa kufunga, macho wazi, nikiiamini.

Yote haya Patron aliyajua. Alijua umeme ulikatika, maana nilimwambia. Alijua betri iko wapi, maana aliibeba kwa bega lake. Na bado alisimama mbele ya akina mama wa mtaa wangu, akasema alilala, kisha akafunga zipu ya koti lake na kuondoka kama mtu aliyemaliza kusali.

Jioni hiyo Esperance alikuwa anasonga bugali, mimi nachambua sombe, majani ya muhogo. Hakunitazama.

"Sema tu kama ulisinzia, mdogo wangu. Joto la mchana, nani hasinzii?"

"Sikulala, yaya," nilimwambia dada yangu mkubwa.

"Basi hiyo taa ilipita wapi?"

Hilo hata mimi sikulijua. Kweli ilipita wapi? Mtambo unasema umetuma. Mimi nasema sikuona. Kati ya mashine na mimi, nani angeniamini mimi? Hata dada yangu, aliyenibeba mgongoni tulipovuka mpaka, alikuwa ameshachagua mashine.

Asubuhi nilikwenda bombani kuchota maji. "Exaucée!" aliita mwanamke mmoja kutoka nyuma ya foleni. "Angalia usije ukalala na ndoo kichwani!" Wakacheka wote. Nilibeba ndoo haijajaa, nikaondoka.

Ofisini Patron alikuwa ananingoja. Alizungumza kwa upole, na ule upole ndio uliozidi kunichoma.

"Alhamisi chanjo mpya inakuja Kisugu. Utakwenda, utasimama mbele ya wamama, utaomba msamaha. Yaishe. Mimi siweki kinyongo."

"Patron, mimi..."

"Yaishe, binti. Kama hutaki, basi nitafute mwingine wa kutazama."

Yaishe! Kwake ilikuwa jambo la kuisha. Mimi ndiye ningebaki Kisugu na jina la yule aliyelala watoto wakakosa dawa, miaka yote, mpaka hao watoto wakue na kusimuliwa.

Nilimkuta Jasper ameketi kwenye ngazi za nje anakula roleksi yake, chapati na mayai vimeviringishwa pamoja. Jasper ni mtoto wa polisi. Amekulia kambini, na huko walimfundisha kwamba mkubwa akishasema, mdogo anapiga saluti. Nilisimama mbele yake nikamzibia njia.

"Jasper, taa ilipita wapi?"

Alitafuna kwanza. "Taa gani?"

"Usinichezee."

Akaweka chakula chini. "Exaucée, hii kitu iko hivi. Mtambo ya Old Kampala inatuma mara moja. Inatuma, inaandika 'imetumwa', inaenda zake. Kama kompyuta ya hapa imezima, ile onyo inaanguka njiani. Imekwisha."

"Haurudi kugonga mara ya pili?"

"Harudi."

"Na kompyuta ikiwaka?"

"Inaanza upya, haijui kama kuna kitu kilipita. Ile kijani uliona, si kusema mambo ni mazuri. Inasema tu, mimi sijaambiwa kitu."

Kwa hiyo nilikaa mpaka wakati wa kufunga naangalia mashine isiyojua lolote, nayo inanionyesha rangi ya amani.

"Wewe ulijua hivyo Jumatatu?"

"Nilijua kitambo." Alijikuna shingo. "Nilimwambia mukubwa, tuweke mahali ya kushika maonyo, yasitupwe mpaka huku waseme tumepokea. Na yakikaa sana bila jibu, yaje kwa simu yangu. Akasema bado, tutaona."

"Jumatatu, Jasper! Ulikuwa umesimama kando yangu!"

"Banange, ningesema nini? Mukubwa ameshaongea."

"Ungesema hakulala! Ni neno moja tu!"

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Muuza vipuri wa chini alitoa kichwa dukani kuona nani anapigwa. Jasper alinitazama kana kwamba ngazi yenyewe ndiyo imemkaripia. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, niliendelea.

Nilimwambia habari za Mama Séraphine. Kanisani kwetu, habari za msiba na za ugonjwa hubebwa na huyo mama kwa miguu. Haachi ujumbe mlangoni, haachi kwa mtoto, haachi kwa jirani. Akikuta mlango umefungwa, anatandika kitenge chake anakaa. Mwenye nyumba akirudi anaambiwa, na lazima aseme neno moja la kumrudishia mchungaji. Hata akilia tu, Mama Séraphine anarudi na kusema: amelia. Mpaka arudi na hilo neno, mchungaji hatangazi chochote, kwa sababu kwetu habari isiyojibiwa bado haijapelekwa.

"Basi mtambo wenu hauna adabu," nikamaliza. "Unamtupia mtu habari mlango umefungwa, halafu unajisifu kwamba umetuma."

Jasper alicheka kidogo, akaacha. Alifuta mikono kwenye suruali.

"Kesho nitamuonyesha," alisema. "Lakini wewe uwe karibu."

Kesho yake Patron alikuwa ametoka tu kumiminiwa chai. Nilikuwa nimeyapanga maneno mengi njiani, yakatoka machache.

"Patron, Alhamisi sitaomba msamaha. Jaribu mwenyewe kwanza."

"Kujaribu nini?"

Jasper alipita nyuma yangu na kipimajoto cha akiba, ndugu wa kile cha Kisugu, kimeshaungwa kwenye antena ya dirishani. "Kidogo tu, mukubwa," akasema, akachomoa plagi ya kompyuta yangu. Skrini ikawa nyeusi. Kisha, kabla Patron hajasema kitu, akakitumbukiza kipimajoto ndani ya kikombe chake cha chai.

"Wee Jasper! Chai yangu!"

"Angalia simu yako, mukubwa."

Simu ya Patron ilikuwa na ile ile orodha aliyowaonyesha akina mama. Tulisubiri. Mstari mpya ukatokea: joto limezidi, onyo limetumwa.

"Si umeona?" alisema Patron. "Imetumwa. Mtambo ni mzima."

"Sasa Exaucée awashe," alisema Jasper.

Nikawasha. Kompyuta ilizunguka, ikafikiri, ikafunguka. Kijani. Tulisimama watu watatu tukiitazama. Kipimajoto kilikuwa bado ndani ya chai yake mwenyewe, mvuke unatoka, na skrini inasema hakuna shida popote Kampala.

Patron alikitazama kikombe, akaitazama skrini, akarudi kwenye kikombe. Sikio lake lilikuwa jekundu.

"Rekebisha," alimwambia Jasper.

"Ndiyo, mukubwa. Leo leo."

"Nawe binti, yameeleweka. Kaa ufanye kazi."

Akavuta kiti chake akakaa. Kwake ndio ulikuwa mwisho. Nilibaki nimesimama.

"Na wamama wa Kisugu?"

Alishusha pumzi kama mtu anayesumbuliwa na inzi. Akachukua simu, akaandika kwa kidole gumba huku akisoma kwa sauti: "Sista Acayo, kulikuwa na hitilafu ndogo ya kiufundi. Msichana hana kosa." Akabonyeza. "Haya. Nimetuma."

Nilisogea nikatazama juu ya bega lake, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu mkubwa. Alama ya Wasap ilikuwa moja tu, ya kijivu. Sista Acayo akiwa kazini huzima simu, kila mtu Kisugu analijua hilo.

"Haijafika," nikasema.

"Itafika. Si nimeshatuma? Unataka nini tena?"

Jasper aligeukia dirisha haraka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilihisi damu inanipanda mpaka kwenye nywele.

"Patron, uliposema nililala hukunitumia Wasap. Ulisema kwa mdomo wako, mbele ya watu, ukaninyooshea kidole. Basi utakwenda na huo mdomo huo huo. Na betri utaitaja."

"Betri nayo?"

"Betri nayo."

"Ile ilikuwa kazi ya Mungu, Exaucée."

"Kama ilikuwa kazi ya Mungu, mbona unaificha?"

Patron alikunywa chai yake, akakumbuka kilichokuwa ndani, akaitemea kwenye kikombe.

Alhamisi alikuja. Nilidhani hatakuja, lakini alikuja, amevaa koti la Jumapili. Mabenchi ya zahanati yalikuwa yamejaa tena, na jokofu lina plagi mpya. Mama Séraphine alikuwepo na mjukuu wake. Mimi nilisimama pale pale mlangoni nilipokuwa Jumatatu.

"Mama zangu," alianza Patron, "Jumamosi ilitokea hitilafu ndogo ya kiufundi katika mfumo wa..."

"Patron," alisema Mama Séraphine, "tuongeleshe kama watu."

Alijikohoza. Akasema. Kwamba umeme ulikatika ofisini. Kwamba betri haikuwepo, kwa hiyo kompyuta ilizima, na onyo la mtambo likaanguka njiani likapotea. Kwamba Exaucée alimpigia simu wakati ule ule, na hakulala.

"Betri ilikuwa wapi?" mama mmoja aliuliza.

"Kwenye mkutano. Kwa vipaza sauti."

Akina mama walitazamana, kwa sababu nusu yao ni wa kwaya.

"Yaani ile tuliyoimbia?"

"Ile."

"Yesu! Sisi tunaimba huku, dawa za batoto zinaiva?"

"Na wewe ulijua!" alidakia mwingine, amesimama kabisa. "Ulijua, ukatuletea huyu mtoto wa watu tumcheke bombani! Mimi mwenyewe nimemcheka!"

Wote walisema kwa pamoja. Patron aliinua mikono kama mtu anayezuia mvua. Kisha Esperance akasimama na Bénit kiunoni, sauti yake ikawa chini kuliko za wenzake, na wakanyamaza kumsikiliza.

"Mimi ni dada yake. Tunakula sahani moja. Nilikuamini wewe nikamuacha yeye." Hakunitazama bado. "Nyumbani hajala vizuri tangu Jumatatu. Hiyo nayo ni hitilafu ndogo?"

"Samahani, mama," alisema Patron. "Samahani kwenu wote." Akanigeukia mimi, jasho limemtoka. "Haya, binti. Nimesema kwa mdomo. Umeridhika?"

Nilitaka kusema ndiyo. Watu wote walikuwa wananitazama, na mimi nikitazamwa nataka tu kukubali ili watazame kwingine. Lakini nilikuwa nimeyapitia mabenchi kwa macho tangu alipoanza. Mama wa nyanya hakuwepo. Yule mwenye mapacha hakuwepo. Msichana mmoja aliyekuja Jumatatu na bibi yake, naye hakuwepo. Waliondoka na neno la kwanza, na hakuna aliyewafuata na la pili.

"Hapana," nikasema. "Wa Jumatatu hawako wote."

"Watasikia. Watu wanaongea."

"Wale walisikia kwako, Patron. Hawakusikia kwa watu."

Mama Séraphine alikuwa ameshampa Esperance mjukuu wake. Alikunja kitenge chake, akakiweka kwapani. "Nyumba zao nazijua," alisema. "Twende."

Patron alimtazama Sista Acayo, akitafuta wa kumwokoa. Sista alikuwa anavuta dawa kwenye sindano, akiinua kichupa kwenye mwanga.

"Mimi nachoma watoto, ssebo," alisema. "We nenda."

Tulitelemka vichochoro vya Kisugu, Mama Séraphine mbele, Patron katikati, mimi nyuma. Mama wa mapacha tulimkuta anafua. Alisikiliza mpaka mwisho, povu likimkauka mikononi, akasema: "Aibu kwako," na Mama Séraphine akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba neno limepokelewa. Yule msichana na bibi yake tuliwakuta nao, bibi akataka aelezwe mara mbili. Nyumba ya mama wa nyanya ilikuwa na kufuli.

"Yuko sokoni," alisema jirani kupitia dirishani. "Sijui arudi saa ngapi."

"Basi tunaweza kumwachia huyu mama ujumbe," alisema Patron kwa matumaini.

Mama Séraphine alitandika kitenge chake mbele ya mlango, akaketi, akanyoosha miguu. Jirani alimtolea Patron beseni kuukuu, akaligeuza juu chini. Patron alilitazama beseni, akalitazama koti lake, akaketi.

Niliwaacha hapo nikapanda kwenda Kamwokya, kwa sababu skrini haikuwa na mtu. Jasper alikuwa amemaliza kazi yake. Alinionyesha: alichomoa plagi, akachemsha kipimajoto, akachomeka tena, na safari hii kompyuta ilipoamka kengele ililia mpaka nikaziba masikio. Onyo lilikuwa linangoja Old Kampala muda wote, likapelekwa mara mlango ulipofunguka.

"Umefurahi?" aliuliza.

"Ungesema Jumatatu ningefurahi zaidi."

Aliinamisha kichwa. "Kweli," alisema, na hakuongeza la kujitetea. Nilikaa kwenye kiti changu.

Mchana simu yangu iliita. Alikuwa Patron, anazungumza kwa kunong'ona.

"Exaucée, huyu mama wa nyanya bado. Mwambie Mama Séraphine aniruhusu nikale kwanza nirudi."

"Yuko hapo mbele yako, Patron," nikasema. "Mwambie mwenyewe."